Mzigo wa Magurudumu ya Nyuma

Jambo hili lilimpata kaka yangu Cédric, na sehemu yake kubwa niliiona kwa macho yangu mwenyewe.

Cédric anafanya kazi katika shirika la maji hapa Bukavu. Mwezi wa tatu mwaka huu alipata jeep ya kijivu, na Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alituita nyumbani kwake Nguba tuje kuiona. Mkewe Joviale alikaanga sambaza, samaki wadogo wa ziwani, tukala, tukacheka. Kisha Cédric akaniketisha mbele na kuwasha injini. Kwenye dashibodi palikuwa na kioo kidogo chenye mchoro wa gari na magurudumu yake manne.

"Angalia, Micheline. Siku zote mipira ya mbele njo inavuta. Ya nyuma inafuata tu. Lakini kila mupira iko na capteur ya kupima mwendo yake. Ya mbele ikianza kuteleza, inazunguka mbio kupita ya nyuma. Ordinateur, kompyuta ya gari, inaona. Inakaza embrayage, ile ya kuunganisha mipira ya nyuma na injini, nguvu inaenda nyuma. Utaona mistari ya kijani inawaka hapa. Weye haugusi kitu."

"Na kama inajidanganya?"

"Haiwezi. Haifikirie. Inasema tu kile mipira inasikia."

Kila Alhamisi alikuwa anakwenda Nyangezi kukagua mabomba ya chemchemi. Akimaliza, anapita kwa mama yetu, maman Domitille, mjane anayeishi peke yake juu ya kilima, anakula kidogo, anarudi mjini kabla jua halijazama.

Alhamisi ya kwanza ya kwenda na jeep hiyo alirudi na maswali. Aliniambia kwamba kwenye kona moja, muda mfupi baada ya kuondoka kwa mama, mistari ya nyuma iliwaka. Barabara ilikuwa kavu. Ilikuwa mteremko, na mguu wake haukuwa kwenye mafuta. Mistari haikuzimika alipopita mtaa wa Panzi, haikuzimika mjini. Ilizimika aliposimama mbele ya nyumba yake na kufungua mlango.

Alhamisi iliyofuata, vilevile. Kona ileile. Nyumba ileile.

Aliipeleka kwa papa Télesphore, fundi anayeheshimiwa sana upande wa Kadutu. Nilikuwepo. Télesphore alichomeka kompyuta yake, akalipandisha gari juu, akazungusha kila gurudumu kwa mkono. Kisha akafuta mikono polepole.

"Capteur ziko nzuri. Embrayage nzuri. Muko munabeba nini nyuma?"

"Hakuna kitu," Cédric akajibu.

"Hapana. Gari hii inasema nyuma iko uzito. Nyuma ikilemewa, pua inainuka kidogo. Mipira ya mbele inakosa kushika chini vizuri, inateleza, na nguvu inaenda nyuma." Alimtazama kaka yangu kwa muda. "Nani anakupakilia mizigo kule Nyangezi?"

 Swali lile tulirudi nalo nyumbani.

Joviale hakuliacha lilale hata siku moja. Alikuwa ameshaanza kuona mambo yake. Makochi ya sebuleni yalikuwa yanabonyea asubuhi, kama watu wamekaa usiku kucha. Alipoinua mito, ilikuwa na unyevu. Ilinuka udongo uliochimbuliwa sasa hivi. Aliosha, akaanika, akapaka marashi. Ijumaa iliyofuata kochi la pili nalo lilianza.

Akaenda kwenye chumba cha maombi. Mtumishi wa pale alifumba macho, akamwambia kuna mwanamke mzee anayemtumia mumewe kama punda. Anampa chakula, kisha anampakia watu wake.

"Nani anamupatiaka chakula kila Alhamisi?" Joviale aliniuliza jikoni, kwa sauti ya chini. "Sema weye mwenyewe. Mi sitaki kutaja jina."

Nilimwambia anyamaze. Mama yangu amesimamia ubatizo wa nusu ya watoto wa kilima kile. Lakini usiku ule nilijikuta namkumbuka mama anavyosimama barabarani kila Alhamisi, akipungia gari mkono mpaka lipotee. Nilijiuliza anampungia nani.

Nina aibu kuandika hivyo. Ndivyo ilivyokuwa.

Cédric aliacha kula kwa mama. Alisema tumbo linamsumbua. Kisha aliacha hata kusimama, akawa anapita tu na vioo vimefungwa. Haikusaidia. Mistari iliendelea kuwaka pale kwenye kona. Na neno kwamba mama ni mchawi lilishatoka ndani ya chumba cha maombi, likapanda magari ya sokoni, likafika Nyangezi kabla yetu. Jumanne moja jirani wa mama, Marcelline, alinipigia simu. Alikuwa ananong'ona.

"Mukuje mumutose maman yenu huku. Vijana bako banakusanya petroli. Banasema kesho."

Kwetu tunajua maneno hayo yanaishia wapi. Nilimwendea Cédric ofisini. Nilimwambia kama haji, nitakwenda kwa miguu. Alichukua funguo.

Tulimkuta mama amekaa mlangoni, ameshafunga kitenge chake na rozari mkononi. Hakuuliza tumefuata nini. Aliingia kiti cha nyuma, akasogea mpaka dirishani, akajibana kabisa. Ilikuwa saa tisa mchana. Ukungu ulikuwa umeshuka barabarani.



Kona ilifika. Mistari ikawaka.

Nilihisi pua ya gari ikiinuka kidogo, kidogo tu. Kaka yangu alishika usukani kwa mikono miwili. Jasho lilimtoka nyuma ya masikio.

"Njo mara ngapi unashuka hapa na hii gari?" mama akauliza.

"Hii iko ya kumi na moja, maman."

"Basi beko kumi na moja."

Sikugeuka. Sikuweza.

"Maman," Cédric akanong'ona, "ni batu gani?"

"Ni bale ba minibus. Mulima ulibafunika hapa wakati wa mvua kubwa. Bamoja hatukubaonaka mpaka leo. Balikuwa banaenda kwenye matanga, kule Cimpunda mujini."  Nilisikia punje za rozari. "Habakufika. Banaomba tu mutu abafikishe. Na weye unabapeleka kwako."

Tulifika Nguba. Mama alisema, "Usifungue mlango wako, huyu asishuke hapa. Nitashuka miye." Akashuka, akaingia ndani ya nyumba. Joviale alitoka mbio, akasimama karibu na ukuta, mkono mdomoni. Kupitia dirisha lililokuwa wazi tulimsikia mama akiongea Mashi, lugha ya kwetu, taratibu, kama anavyoongea na wageni waliochoka.

Kisha akatoka. Akafungua mlango wa nyuma wa gari. Akangoja.

Gari likashuka kidogo.

Likatulia. Likashuka tena.

Hakuna aliyekuwa anaingia. Uwanja ulikuwa mtupu. Vyuma vya chini vililia. Likashuka tena. Na tena. Nilikuwa nahesabu bila kutaka. Mara kumi. Na yule tuliyetoka naye kwenye kona alikuwa humo tayari.

Mama akaketi mbele, mimi nikabaki nje. Nakiri kwamba niliogopa. Niliwafuata kwa pikipiki. Nyuma ya gari ilikuwa imekaribia kugusa lami, taa za mbele zikimulika angani mchana kweupe. Mahali ambapo njia ya Cimpunda inakuwa nyembamba, kati ya nyumba za mbao, watu walitoka kutazama kwa nini jeep tupu inapanda kwa shida namna ile. Magurudumu ya nyuma yalichimba udongo kama ya lori la saruji.

Wakasimama mbele ya nyumba moja yenye bati la buluu, ile ambayo mama alisema matanga yalikuwa humo. Mama alishuka, akafungua milango yote miwili ya nyuma. Akasema neno moja tu: "Mufike."

Gari lilinyanyuka polepole, kama mtu anayevuta pumzi. Cédric aliniambia baadaye kwamba mstari mmoja ulizimika kwanza, kisha wa pili. Ndani ya nyumba ile mwanamke alianza kulia. Hatukujua alikuwa nani. Hatukubisha.

Tangu siku ile makochi ni makavu. Mama anaishi kwangu. Vijana wa kule wamenyamaza. Lakini Joviale hajawahi kuja kumsalimia. Nilipomwuliza sababu, alinivuta pembeni ya kanisa.

"Kama haiko yeye, alijuaje beko kumi na moja? Weye ulimuona anahesabu?"

Nilimjibu kwamba alihesabu safari za Cédric. Joviale aligeuka akaingia kanisani. Na kuna siku mama anakaa barazani kwangu akisogea, akisogea, akimpisha mtu kwenye benchi, nami naingia ndani bila kumwuliza kitu.

Gari tuliliacha kwa papa Télesphore atafute wa kulinunua. Lilikaa wiki mbili kwenye gereji yake, milango imefungwa, funguo mfukoni mwake. Jumamosi iliyopita alitupigia simu mchana. Hakusema salamu. Alisema, "Mukuje muone. Mi siwezi kugusa."

Tulikwenda. Alikuwa amesimama mbali nalo. Tuliweka mikono kwenye kioo tukachungulia.

Kwenye kiti cha nyuma, mikanda yote mitatu ilikuwa imefungwa.

Haikuwa imelala kwenye kiti. Ilikuwa imevutwa mbele, imekaza, imezunguka hewa. Miwili ilikuwa na upana wa kifua cha mtu mzima. Wa katikati ulikuwa mdogo sana.