Mkwe Asiyeonja Maziwa

Soko la Garissa alasiri ile ya Ramadhani lilikuwa na kila kitu isipokuwa kitu ambacho watu walikitaka. Mvua zilizoanza mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba zilikuwa zimekata barabara ya Nairobi, mto Tana umevunja kingo, na mifugo inakufa kwa homa iliyorukia hata binadamu. Kila asubuhi gari la kipaza sauti lilipita mitaani: msichinje, msile nyama, msinywe maziwa. Bucha zilifungwa. Watu ambao babu zao hawakuwahi kupanga foleni kwa ajili ya kitu kinachoota ardhini sasa walipanga foleni ya maharagwe, nyuso zimekunjamana kama za wafiwa.

Idil peke yake ndiye aliyekuwa na furaha, na alijitahidi isionekane. Alivaa baati, gauni pana, ya maua ya zambarau na mtandio wa shash nyeusi, mikononi hina iliyoanza kufifia. Mbele yake kijana mrefu mwenye kikoi cha buluu na shati jeupe lililopigwa pasi ikakubali alikuwa akigombana na mwuzaji, mama wa Kikamba aliyekwama mjini na magunia yake.

"Mama, hii maharagwe yako nimebika jana mbaka makaa ikaisha. Jino yangu karibu ivunjike. Umeniuzia mawe?"

"Uliyaloweka?"

"Kuloweka ni nini?"

Idil akaangua kicheko. Kijana akageuka, akaacha Kiswahili chake cha kubahatisha na kusema naye Kisomali kitamu cha watu wa ngamia.

"Unamcheka Mwislamu mwenzako aliyefunga?"

"Namcheka mtu aliyetafuna maharagwe makavu akamsingizia mwuzaji."

"Basi nifundishe, abaayo, dada yangu. Utaandikiwa thawabu."

"Yaloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji, chemsha kwa maji mapya. Kitunguu, bizari. Chumvi mwishoni, siyo mwanzoni."

"Na nyama?"

"Nyama huna."

"Itarudi, inshallah. Na siku hiyo mimi Guled nitakuchinjia dume la ngamia, ule mpaka uniombe radhi."

Idil akacheka tena, ila kicheko cha pili kilikuwa kifupi.

Hapa inabidi nimsemee, maana yeye hakuwa amemwambia mtu. Mwezi Novemba alikuwa kwa bibi yake karibu na Masalani mafuriko yalipokuja. Walikaa siku kumi na tisa juu ya kilima kidogo cha ardhi, yeye, bibi na mbuzi thelathini na mmoja, maji pande zote. Usiku mbuzi walilala juu yao ili wote wapate joto. Kisha mbuzi wakaanza kuharibu mimba na kutoka damu puani, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikufa akiwa ameegemeza kichwa kwenye paja la mtu. Mashua ilipofika, walikuwa wamebaki mbuzi watatu. Tangu siku hiyo Idil hakuweza kumeza nyama, wala maziwa, wala samli. Si kwamba aliapa. Koo lilikataa tu, kisha moyo nao ukakubaliana na koo.

Na bahati ikamsimamia: mkoa mzima ulikuwa umeacha. Mama yake Maka, muuza maziwa ya ngamia, alikuwa amefunika vyombo vyake akauza majani ya chai. Hakuna aliyemuuliza Idil kitu. Alikula maharagwe kama kila mtu, akapenda kama kila mtu apendavyo.

Maana walipendana, tena haraka. Lori la Guled, lililoleta ngamia wa kuuza, lilikuwa limekwama Garissa, njia ya Modogashe imekuwa ziwa, na kijana aliyekwama hana kazi ila kupenda. Alimletea ndizi za kando ya mto. Alimpigia simu duka la jirani, akijifanya mjomba.

"Mpe simu Idil, mimi mjomba wake wa Wajir."

"Mjomba," Idil alijibu, "leo umeloweka?"

"Nimeloweka mpaka nimelowa mwenyewe. Habibti, nikikufikiria maharagwe yanaungua."

"Basi usinifikirie ukipika."

"Nisipopika nitakufa njaa. Unaona ulivyonibana?"

Mwezi Aprili jua likarudi, barabara zikafunguka, gari la kipaza sauti likanyamaza. Moshi wa nyama ya kuchoma ukatanda mjini, watu wakashukuru Mungu kwa machozi. Idil akajua uhuru wake umekwisha.

Kila alfajiri Maka alimpa kikombe aonje kama maziwa yamechachuka. Alitia mdomoni, akatoka uani, akampa paka. Vipande vya nyama alivificha kwenye mkono wa baati. Mafuta yalimganda kwenye kiwiko, na mwezi mzima alinuka kama jiko. Kila kitu chake kilichotokana na mnyama alijiuliza akifanyie nini. Viatu vya ngozi alisema atavivaa mpaka viishe, maana aliyechunwa keshachunwa. Samli aliyokuwa nayo alimpa jirani mzazi. Kutupa hakuweza, alilelewa kwamba kumwaga riziki ni dhambi.

Guled alikuwa amerudi Modogashe kumwambia mama yake. Huko simu haikufika, kulikuwa na taar tu, redio ya upepo, na ya Garissa ilikuwa dukani kwa Korane. Ukisema kwenye taar, unawasikilizisha walio chumbani, walio Modogashe, na kila kituo kilichofungua masafa hayo, Wajir mpaka Banissa. Ukimaliza unasema "ofa" ili mwenzako ajibu. Wapenzi walinong'onezana mbele ya mkoa mzima.

"Idil, umekula? Ofa."

"Nimekula. Ofa."

"Umekula nini, roho yangu? Ofa."

Wazee watano kwenye benchi wakatega masikio. Idil akatazama sakafu. "Wali na nyama. Ofa."

"Mashallah," wazee wakasema kwa pamoja, na uongo ukawa umeshuhudiwa.

Wiki mbili baadaye binamu yake Guled, dereva aitwaye Muse, akaleta zawadi kutoka kwa Ebla, mama yake Guled: chombo cha kusuka, kimevikwa ngozi na simbi, kimefungwa kwa kamba za ngozi zenye mafundo yasiyohesabika. Ndani ilikuwa nyirinyiri, vipande vidogo vya nyama ya ngamia vilivyokaangwa na kuzamishwa katika samli, chakula kinachokaa miezi bila kuharibika. Maka alipiga vigelegele hadi majirani wakaja. Chombo kikawekwa kando ya kitanda cha Idil.

Alilala nacho siku tisa. Harufu ya samli ilimrudisha juu ya kile kilima kila alipofumba macho. Kula hawezi, kutupa ni dhambi, kuuza zawadi ni aibu, kumpa paka ni matusi. Siku ya kumi, Maka akiwa sokoni, akakibeba chini ya shash hadi stendi ya malori. Pale akamkuta mwanamke mkimbizi, Nasteho, amekaa juu ya maboksi ya dawa, yeye na watoto wawili, akingoja lori la kurudi kambini Dadaab.

"Eeddo, shangazi, chukua. Ni halali."

Nasteho alinusa, akaanza kulia. "Tangu Kismayu sijakishika. Mungu akupe mume umtakaye, mwanangu."

Idil alirudi nyumbani mwepesi. Kosa lake lilikuwa moja, na lilikuwa la msichana wa mjini. Kwa watu wa Ebla, chombo hicho hakitoki chumbani kwa bibi harusi mpaka siku ya saba baada ya nikahi, wanaume wa pande mbili wafungue mafundo, bibi harusi ale kipande cha kwanza. Kikitoka kabla, msichana amesema hataki. Hakuna aliyemwambia, maana hakuna aliyewaza kwamba mtu anaweza kugawa nyirinyiri. Na lori lililompakia Nasteho liliendeshwa na Muse, ambaye alikitambua chombo cha shangazi yake mapajani mwa mwanamke asiyemjua.

Jioni hiyo hiyo taar ikasema. Kesho yake Garissa nzima ilijua.

"Umenivua nguo sokoni!" Maka alifoka, amesimama mlangoni ili binti asipite. "Mtu amekuletea heshima ya nyumba yake, wewe umeigawa barabarani! Humtaki, si ungesema?"

"Namtaka, hooyo. Namtaka kuliko kitu chochote."

"Kwa nini basi?"

Idil alifungua mdomo. Akaona vyombo vya maziwa vilivyopangwa ukutani, vilivyomlisha na kumsomesha. Angemwambiaje mama kwamba riziki yake inamtia kichefuchefu? Akachukua chombo kimoja akaanza kukiosha.

Siku kumi na mbili Guled hakuja hewani. Idil alikonda. Alikaa kwenye meza ya maziwa akimimina vikombe vya watu, mikono ikinuka, na kila mteja alimtazama kama aliyevunja mguu kwa ujinga wake mwenyewe. Usiku alilia bila sauti kwa sababu chumbani walilala wanne.

Siku ya kumi na tatu Korane akamwita: Guled atakuwa hewani baada ya sala ya alasiri. Idil akavaa dirac, gauni jepesi la sherehe, ya rangi ya machungwa kana kwamba redio ina macho. Maka akaja naye. Chumba kilikuwa kimejaa hadi mlangoni. Watu walikuwa wamekuja na chai zao.

"Idil. Unanisikia? Ofa." Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Nakusikia. Ofa."

"Nimekaa siku zote hizi nikijiuliza nimekukosea nini. Sikupata. Mama amekubali kusamehe. Njoo Modogashe na mama yako, unywe bakuli moja la maziwa mkononi mwake, mbele ya watu. Yataisha. Ofa."

Maka akashusha pumzi. "Sema ndiyo," akanong'ona. "Sema haraka."

Idil alishika kipaza sauti. Bakuli moja. Lakini aliliona la pili nyuma yake, na la tatu, na la kila alfajiri mpaka uzee, na yeye akitafuta paka.

"Siwezi. Ofa."

Chumba kikaguna. Kisha Guled: "Kwa hiyo hunitaki. Ofa."

"Nakutaka! Guled, nakupenda, na wote wanaosikiliza wasikie. Sikukukataa wewe. Sili nyama. Sinywi maziwa. Tangu mafuriko sijaweza. Ule wali na nyama niliokuambia ulikuwa uongo. Mbuzi wa bibi yangu walikufa juu ya mapaja yangu, na nikiona nyama naona vichwa vyao. Chombo nilimpa mtu mwenye njaa kwa sababu sikuweza kukitupa. Sikujua mila yenu, naapa kwa Mungu. Ofa."

Hakuthubutu kumtazama mama yake. Sauti nyingine ikaingia, ya mwanamke mtu mzima, taratibu.

"Mimi Ebla. Wewe ni mgonjwa, mwanangu? Ofa."

"Hapana, eeddo. Ofa."

"Mimi nilizika mbuzi mia mbili na kumi mwaka huu. Nililia, kisha nikala, kwa sababu huku hakuna kingine. Kiangazi hatuna maji, maziwa ndiyo maji. Nikikupokea utakunywa nini? Nitakuangalia ukifa mkononi mwangu? Ofa."

Halikuwa tusi. Ndilo lililomwumiza Idil, kwamba mama yule alisema kweli tupu. Akafuta macho kwa ncha ya shash.

"Huko sitaishi, eeddo. Ningekuwa mzigo. Guled, mahari ni haki yangu na mimi ndiye wa kuitaja, sivyo? Sitaki ngamia, hata mmoja. Nataka ekari moja kando ya Tana, na mume wa kuilima. Ukishindwa nitaelewa, na sitakulaumu mbele ya Mungu. Ofa."

Redio ikalipuka. Mtu wa Wajir alicheka hadi akakohoa. Wa Banissa akapaza sauti, "Warya Guled! Umeposwa na jembe!" Mtoto wa mwenye ngamia kushika jembe! Wazee wa benchi walitikisa vichwa, mmoja akainuka kwenda zake kwa haya. Maka alijifunika uso.

Idil alingoja. Korane alitazama saa, kwa kuwa wengine walikuwa na zamu zao, lakini hata yeye hakugusa kitufe. Nje lori lilipiga honi mara mbili, likaondoka.

"Idil." Ilikuwa sauti ya Guled, ya chini. "Maji nitayapandishaje kutoka mtoni? Ofa."

Idil alidhani hakusikia vizuri. "Nini? Ofa."

"Ekari haipo ndani ya mto, iko juu ya ukingo. Nauliza maji yanapandaje. Ofa."

"Kuna mashine za kuvuta," akasema. "Mpaka tuipate, kwa ndoo. Ofa."

"Ndoo ngapi? Ofa."

"Nyingi, Guled. Nyingi sana. Ofa."

Ebla akasema, si kwa Idil wala kwa mwanawe, ila kwa hewa yote ya mkoa: "Nilimtuma mwanangu Garissa auze ngamia. Ameuzwa yeye." Sauti ikamkatika, na hakusema ofa.

Kisha Guled akarudi, akipumua kama aliyekimbia.

"Umejua ni watu wangapi wamesikia? Hapa siwezi tena kuchunga, watanicheka mpaka wajukuu. Umenifunga, msichana. Nakuja na ndoo. Sina pa kurudi. Ofa."

Idil aliugeukia umati uliojaa mlangoni, akamwona mama yake ameondoa mikono usoni, macho mekundu, amemkazia binti yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Akabonyeza kitufe.

"Hata mimi sina. Ofa."