Jina la Ernesta Kwenye Kioo

Siku ya gulio pale Same mjini huna pa kuweka mguu. Mitumba imemwagwa chini, redio zinashindana, vumbi linakuingia mpaka kwenye meno. Siku hiyo watu walizidi mbele ya studio moja ya video, maana televisheni ilikuwa imetolewa nje na kanda ya harusi inaonyeshwa bure. Majina ya maharusi yakaingia yakipaa kutoka pembeni, yakazunguka kama pia, yakapasuka yakawa makopakopa mekundu, kisha yakajikusanya tena katikati.

"Jamani, mbona wanazungushwa hivyo? Mimi nasikia kizunguzungu!" akasema msichana mmoja kwa sauti.

Watu wakaangua kicheko. Kijana aliyesimama mlangoni, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, akamgeukia.

"Dada, hayo majina nimeyahangaikia siku mbili nzima."

"Pole. Ungehangaika siku moja, yangezunguka kidogo."

Huyo ndiye Ernesta, muuza mitumba, mtoto wa kijiji cha Myamba, ndani ya gauni la kijani alilojichagulia mwenyewe siku belo la nguo lilipofunguliwa. Na kijana ni Loth. Alipunguzwa kazi kwenye shamba la mkonge, kiinua mgongo chake akaenda kukila Moshi kwa kujifunza kompyuta, watu wakamwona mwehu. Sasa ndiye aliyekuwa akitengeneza ufunguzi, ile sehemu ya majina mwanzoni mwa kanda za harusi na za misiba, tarafa nzima.

Miezi sita baadaye walikuwa hawaachani. Loth hupiga simu duka la jirani, Ernesta anaitwa, anafika anahema.

"Mpenzi, umekimbia?"

"Nani kakimbia? Nilikuwa napita tu."

"Mbona unahema?"

"Haya, nimekimbia. Sema unachotaka, watu wananisikiliza hapa."

"Nataka nikuoe."

Hapo muuza duka mwenyewe akakohoa, akajifanya anapanga sabuni.

Mchungaji aliwapokea vizuri. Ila alisema jambo moja: kabla ndoa haijatangazwa kanisani, wote wawili wakapime damu. Wakaenda hospitalini, wakatolewa damu, wakaambiwa warudi baada ya wiki mbili, Ijumaa.

Wiki mbili, ndugu zangu! Ernesta hakula, hakulala. Loth hakujua kwamba kabla yake alikuwepo Zebedayo, mchumba wa kwanza, aliyekwenda machimboni akarudi mifupa mitupu, akafa kwa kile watu walichokiita kifua. Ernesta hakumwambia. Angeanzaje? Kila alipojikwaruza ngozi, aliitazama. Kila alipokohoa, alihesabu.

Jumatatu ya wiki ya majibu akambebea Loth chakula cha mchana. Studio ilikuwa wazi, mwenyewe hayupo, kompyuta inawaka. Ernesta akaweka bakuli mezani, akainua macho.

Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na pazia jeusi. Mishumaa miwili ikawaka, moto wake ukicheza. Msalaba ukapanda taratibu kutoka chini. Chini yake likaja neno moja, Buriani, na kutoka gizani, herufi moja baada ya nyingine, likatokea jina: Ernesta. Likasimama hapo, likafifia. Kisha mishumaa ikawaka upya, na jina lake likaanza kuja tena.

Nesi Veneranda, aliyewatoa damu, alikuwa shangazi yake Loth. Basi! Kaambiwa. Majibu yametoka, na huyu bwana ameshaanza kumtengenezea kanda ya msiba. Ernesta akatoka mbio, bakuli akaliacha.

Jioni simu ikapigwa dukani.

"Mpenzi, umeacha chakula bila hata kunisubiri?"

"Usiniite mpenzi! Umeshanizika wewe! Shangazi yako kakupa majibu yangu, na habari za Zebedayo kakupa!"

"Majibu gani? Na Zebedayo ndiye nani?"

Ernesta akafumba mdomo kwa kiganja. Lilikuwa limeshatoka.

"Ernesta, ule msalaba umeuona? Mungu wangu! Sikiliza. Ile ni kazi ya msiba wa mzee mmoja wa Maore, wanaitaka haraka. Sikuwa na muda wa kuanza upya. Nikachukua ufunguzi wetu..."

"Wetu?"

"Wa harusi yetu. Nautengeneza kila jioni nikushtukize. Nikatoa makopakopa nikaweka mishumaa, nikafuta jina langu. Lako sijalifikia, wafiwa wakaniita nikachukue picha ya marehemu."

"Nionyeshe huo wa harusi."

"Nimehifadhi huu juu yake. Ule haupo tena."

"Huna hata cha kunionyesha!"

"Sina. Naomba uniamini tu. Sasa niambie na wewe, Zebedayo ni nani?"

Akamwambia. Alimwambia yote, machimbo, kikohozi, kaburi, huku muuza duka amegeukia ukutani kwa aibu. Alipomaliza, simu ikakatika, au ilikatwa, hakujua.

Jumanne hakupiga. Jumatano hakupiga. Alhamisi Ernesta alishinda amekaa karibu na lile duka, nguo zake hazina mnunuzi, anashtuka kila simu ikilia.

Ijumaa akaenda hospitalini peke yake. Alikuta foleni ndefu na watu wasiotazamana. Akajibanza mwisho wa benchi, mikono ameikalia. Mara mtu akaketi kando yake. Loth, shati halijapigwa pasi, ndevu zimemtoka.

"Nilikuogopa," akasema. "Siku tatu nimekuogopa, Ernesta, sitakudanganya. Leo bado naogopa, lakini nimekuja. Majibu yako yakiwa mabaya, sikuachi."

"Unasema tu."

"Nasema, na nimekuja."

Ernesta akaitwa kwanza. Nesi Veneranda alifungua karatasi, akaisoma mara mbili, akatabasamu. Damu yake ilikuwa salama. Ernesta alitoka analia na kucheka kwa pamoja, Loth akamkumbatia mbele za watu, halafu naye akaingia, hatua nyepesi, kama mtu anayekwenda kutia sahihi tu.

Alikawia. Benchi zima lilijua kwamba anakawia.

Alipotoka, alisimama mbali kidogo naye.

"Wewe ni mzima," akasema. "Basi nenda nyumbani, Ernesta."

Usoni kwa Loth kila kitu kilikuwa kimeandikwa. Siku zile dawa za ugonjwa huo zilikuwa za kusikia redioni tu, za Ulaya na za wenye fedha. Kikohozi cha Zebedayo kikamrudia Ernesta masikioni, na nasema kweli, alitaka kukimbia. Mlango ulikuwa palepale, jua linawaka nje, na yeye ni mzima!

"Usiseme neno leo," Loth akasema. "Chukua siku zako ufikiri, kama nilivyochukua zangu."

"Zako zilikuwa tatu. Nilizihesabu moja moja, nilikufa mara tatu. Zangu sizitaki."

"Ernesta..."

"Nyamaza. Sijui kama tutaoana, Loth. Mchungaji sijui atasemaje, na baba kule Myamba ndiyo kabisa. Naogopa. Lakini peke yako huendi nyumbani."

Akamshika mkono, hapo hapo, foleni nzima inatazama, kina mama wakainamisha macho. Mkono wa Loth ulikuwa wa baridi na ulitaka kuchomoka. Ernesta akaukaza, wakatoka.