Mafuta Kabla ya Kipimo

Walikutana kwenye korido ya hospitali, foleni imefika hadi kwenye ngazi. Mpimaji alikuwa anatafuta watu wa kujaribia vibandiko vipya vya kupimia mapigo ya moyo, na kila aliyemwomba alikuwa na haraka zake. Fundi cherehani mmoja, shati la bluu limenyooshwa vizuri, akasema, "Mimi nipo, dada. Moyo ninao, tena hauna kazi."

Mpimaji akacheka. Wiki nzima hakuwa amecheka. Kutwa alishinda akigusa vifua vya watu, jioni akarudi kwenye sahani moja na kikombe kimoja.

Basi ikawa kila Jumanne. Akambandika kibandiko kipana chenye jeli, kikabanduka. Cha chuma kikavu nacho kikaleta mistari ya vurugu tupu kwenye skrini. Jumanne ya tatu mkuu wake akachoka: "Huyu anatuharibia kazi ya miezi minane. Mtoe kwenye orodha."

Akamtoa, kwa ujumbe mfupi wa simu. Kazi ni kazi. Lakini upweke aliouzoea miaka yote sasa ukamshinda.

Baada ya wiki mbili simu ikaita.

"Dada, nimekukosea nini?"

"Hujakosa. Ngozi yako haishiki."

"Haishiki vipi, na kila nikija najipaka mafuta ya kunukia kifua kizima? Nije kwako nimepauka?"

Mpimaji akakaa chini. "Umejipaka nini leo?" ndilo swali lake la kwanza kwa kila mgonjwa. Huyu yeye hakuwahi kumuuliza hata siku moja, kwa vile kila akija walikuwa wakicheka.

"Kosa ni langu," akasema. "Njoo. Usijipake kitu."

Akaja, amepauka kweli. Cha jeli kikasoma papo hapo. Cha chuma kikagoma.

"Hicho hakinitaki," fundi akasema.

"Ni kikavu tu. Kinangoja jasho kidogo chini yake. Dakika kumi, pengine ishirini."

"Na wewe huwa unangoja?"

"Huwa naenda kuandika." Akavuta kiti, akaketi. Taratibu mistari ikatulia.

"Nimerudi kwenye orodha?"

"Nafasi yako ilishachukuliwa. Kipimo cha leo hakihesabiwi."

Fundi akafunga vifungo vya shati, kimoja kimoja. "Sasa Jumanne nije kama nani?"

Mpimaji akaangalia mikono yake.

"Njoo nyumbani," akasema. "Na ujipake mafuta."