Mvua ya Mchele

Haya alinisimulia mjukuu wangu, fundi cherehani, Jumapili iliyopita mchana, akinipima gauni ambalo hakutaka kusema ni la nini.

Jumamosi moja alikwenda kwenye jumba la makumbusho ya sinema. Watu wamejaa kama siafu, yeye hana habari nao. Amevaa gauni la buluu alilojishonea mwenyewe, amebandika pua kwenye kioo, anahesabu mishono ya gauni la hariri lililovaliwa kwenye filamu ya zamani.

"Dada, kioo hakivaliki," sauti ikasema nyuma yake.

"Kwani wewe ndiye mlinzi wa pindo?"

"Mimi fundi wa sauti za filamu, hapa nawaonyesha wageni zinavyotengenezwa. Hebu fumba macho."

Akafumba. Mvua ikaanza, taratibu, ikakolea, mpaka akahisi ubaridi shingoni.

"Mungu wangu, nguo zangu nimeanika!"

Kufumbua, anaona kijana mrefu, koti limefumuka begani, anamwaga mchele kwenye sinia. Walicheka mpaka wageni wakageuka. Siku hiyo binti alirudi nyumbani na koti la watu, eti akalishone.

Tangu hapo simu haikupoa.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula sauti yako."

"Basi utakonda kama sindano!"

Kijana akimpelekea upepo, mawimbi, moto wa kuni, vyote vya makaratasi na mifuko. Binti anashona huku macho nusu yamefumba, yuko ufukweni asikokujua.

Jioni moja yeye ndiye aliyepiga.

"Nipo kazini, mpenzi. Nitakupigia," kijana akanong'ona, akaiweka simu mezani bila kuikata.

Ko, ko, ko. Viatu vya kike sakafuni. Hariri ikachakarisha. Kisha busu.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na huyu alishaumwa na mchumba wa kwanza. Akamfungia simu wiki tatu. Akawa anashona na kufumua, anashona na kufumua.

Likabaki koti. Akaenda kulirudisha kule makumbusho, maneno makali ameyapanga ulimini. Nyuma ya kioo cha chumba cha sauti alimwona mtu wake: suruali imekunjwa magotini, miguu yenye nywele imo ndani ya viatu vyekundu vya visigino virefu, kila kimoja kama mtumbwi. Ko, ko, ko juu ya ubao, macho kwenye skrini, anafuata hatua za mwanamke wa filamu. Akachakarisha kitambaa cha hariri. Akajibusu mkono. Wageni wakapiga makofi.

Binti aliketi chini, hajui analia au anacheka.

Kijana akamtokea mbio, akipepesuka. "Wiki tatu hupokei! Nimekosa nini?"

"Nilimsikia mwanamke wako kwenye simu."

"Mwanamke gani?"

"Huyo uliyemvaa miguuni!"

Kijana akatazama viatu, akaona haya. Kisha akasema polepole, "Miaka sita nawatembeza wanawake wa skrini. Wangu mwenyewe nitamsikia lini akitembea nyumbani?"

"Mvue kwanza huyo, ndipo tuongee."

"Na mlipoongea, ukamjibuje?" nikamwuliza mjukuu wangu.

"Bibi, inua mkono. Gauni la harusi yangu likikubana utanilaumu mimi."

Alipomaliza kunipima akajinyoosha kwenye kochi, futi bado iko shingoni. Nami nikarudia kazi yangu, nikamimina mchele kwenye sinia niuchambue. Akafumba macho, akatabasamu.

"Bibi, nguo ziko nje," akanong'ona, usingizi ukamchukua.