Aliyekaa Kiti cha Nyuma

Gari la Sikuli, Celica, liliinama nyuma, upande wa kushoto, na ndani hamkuwa na mtu. Mkewe Kasika, ambaye ndiye fundi wa gereji yao pale Butembo (na asiyependa hilo aende akatengenezewe kwingine), alipima upepo wa matairi, akakagua springi. Vyote vilikuwa sawa. Alipofungua mlango, harufu ya makayabo, samaki yule wa chumvi, ilimpiga usoni, na nyumba nzima haikuwa imepika samaki tangu Pasaka.

Gari lilikuwa kuukuu, la milango miwili, lililopandishwa kutoka pwani kupitia mpaka wa Kasindi, na Sikuli alilipenda kupita kiasi. Mara mbili lilikuwa limemponyoka kwenye kona moja ya barabara ya Lubero, sehemu ya nyuma ikichungulia bonde. Aliambiwa aliache. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu; yeye alivunjika mkono. Hata hivyo sasa alikuwa akila humo na kulala humo.

Jumatano asubuhi alimwambia mkewe kwa sauti ya chini, "Kuko mutu kwa kiti ya nyuma. Ananiitaka jina. Anasema kesho twende naye kwa ile kona."

"Na weye?"

"Sitaki. Lakini mikono yangu inaenda tu."

Kasika alilia, kisha akakasirika, na hasira ilimfaa zaidi. Aliita majirani wakamtoa Sikuli garini kwa nguvu na kumshikilia nyumbani, naye akaenda kutafuta petroli na kiberiti. Aliyemzuia ni mama mkwe wake, Thérèse, aliyekuwa ameshuka kutoka kijijini kwake milimani, Alimbongo, siku ileile.

"Ukichoma kiti yake," mama alisema, "atakuya kukaa ndani ya mwana wangu."

Basi Kasika akaweka kiberiti chini. Alijua gari linaponyokea wapi. Silentbloc za nyuma, zile raba zinazoshika mikono ya magurudumu, zilikuwa zimekufa, na raba zikifa, sehemu ya nyuma huenda inakotaka yenyewe, au inakosukumwa. Kama jini alikuwa na usukani, ulikuwa huo, na Kasika aliapa kumnyang'anya. Alinyanyua gari kwa kriki, yaani jeki, juu ya shimo la gereji, akafungua mikono ya magurudumu, akachoma raba kuukuu zitoke, akashindilia mpya. Mvua ilikuwa inanyesha na ilikuwa saa sita mchana.

Ilibaki kukaza buloni, zile bolti za mikono hiyo. Hizo hazikazwi gari likiwa linaning'inia. Sharti lishuke, libebe watu wake, kwa sababu raba hushika umbo la mzigo unaokazwa nao. Siku nyingine majirani hukaa ndani kuwa uzito. Siku hiyo kila jirani aliyebaki alikumbuka mbuzi wake.

Kasika akashusha gari, akaingia shimoni peke yake. Juu yake kiti kililia kama kinavyolia mtu akikaa, upande wa kushoto ukaanza kushuka, pole pole, bila mtu, chuma kikiusogelea uso wake, na tone la maji likamwangukia mdomoni, la chumvi, kutoka gari kavu, kisha sauti ya mumewe, ambaye alimsikia waziwazi akilia kule nyumbani, ikamwambia kutoka juu kwa upole kabisa, kama mtu anayeomba maji, kaza sasa, Kasika, kaza nikiwa nimekaa.

Akaelewa. Akikaza hivyo, yule angekuwa amepewa kiti cha milele, na Sikuli angekuwa dereva wake hadi bondeni. Akaishusha spana.

"Mu gari yetu, hapana," alisema.

Ndipo mlango wa gari ukafunguliwa. Thérèse aliingia, akajipenyeza kiti cha nyuma, akakaa kushoto kwa makalio yake yote. Gari halikushuka. Lilipanda, likawa sawa. Kasika akamwomba atoke.

"Weye kaza," mama akasema, akihema. "Kaza mbio."

Akakaza zote, machozi yakichanganyika na grisi. Alipotoka shimoni, mama alikuwa uani, na nyayo zake zilizama matopeni hadi kifundo, ingawa alipokuja hazikuzama hata nusu kidole. Shingo aliiinamisha mbele kama mwanamke aliyefunga kamba ya mzigo kwenye paji la uso. Kamba haikuwepo. Mgongoni hakukuwa na kitu. Nyumbani Sikuli alikuwa anaomba chakula na kuuliza kwa nini wanamshika.

Kasika alimsihi mama amtue yule jini, awaite mapadri, angoje walau mvua iishe.

"Sikuli nilimubeba miezi tisa, na muzigo ya viazi juu yake, mu ile milima yote," Thérèse alisema. "Huyu naye nitamubeba. Atachoka yeye kwanza."

Akashika njia ya Alimbongo kwa miguu. Penye mwinuko alisimama kidogo, akainua bega, kama anavyofanya mama mtoto akiteleza mgongoni, kisha akaendelea.