Mkia wa Dinosaria

Semu wa Bwera alikuwa mkulima wa kahawa, tena mwenye maneno mengi. Alipojua kusoma, akiwa na miaka arobaini, maneno yakaongezeka. Kitabu chake cha kwanza alikinunua sokoni Kasese, kikuukuu, jalada limechanika. Kilihusu dinosaria, wanyama walioisha duniani zamani sana, kabla mtu hajakuwapo. Kila jioni aliwasomea mkewe Rusi na majirani: "Dinosaria alitembea polepole, akiburuza mkia wake mzito."

Siku moja, mwaka 1976, Martine alileta gazeti jipya. Martine alitoka Butembo, naye alifundisha darasa la watu wazima, alimosoma Semu. Gazetini mlikuwa na picha ya dinosaria anayekimbia, mkia juu! Darasa zima likamgeukia Semu, likacheka.

Semu alirudi nyumbani kichwa kinamzunguka. Alifungua kitabu, akakifunga, akakifungua tena.

"Rusi, sielewi. Kama kitabu inaweza kukosea, nasoma ya nini?"

"Uliza mwalimu."

"Na kama gazeti yake ndiyo iko na uongo?"

Kuuliza si ujinga, lakini mwenye maneno mengi huona taabu kuuliza. Siku tatu Semu hakwenda darasani. Aliona aibu, na zaidi ya aibu, alijiona amepotea.

Siku ya nne, baada ya mvua, Rusi alikuta mayai ya kuku yameliwa. Semu akainama kuchunguza tope. Ndipo Martine alipofika.

"Semu, tunakukosa mu darasa. Unatafuta nini?"

"Mwizi wa mayai. Ni kenge."

"Ulimuona?"

"Hapana. Lakini ona nyayo yake, na mustari katikati. Kenge inaburuza mkia. Kuku na mbuzi haiachi mustari."

Martine akafungua gazeti, penye picha ya nyayo za kale. "Tazama hii. Dinosaria alikanyaga tope, tope ikageuka jiwe. Mustari iko wapi?"

Semu aligeuza gazeti juu chini.

"Haiko."

"Karibu kila pahali wanapata nyayo bila mustari."

"Basi watu ya kitabu walidanganya!"

"Hapana. Waliona mifupa, wakafikiri ni kenge kubwa. Kisha wengine wakaangalia muzuri mifupa na nyayo, wakasahihisha."

"Na hii mpya, itabadilika?"

"Pengine."

"Heh! Sasa mimi nishike wapi?"

"Shika ile unaweza kuonyesha mutu kwa kidole, kama vile umenionyesha kenge."

Jioni hiyo Semu alirudi darasani. Walipoanza kucheka, aliwasimulia habari za kenge. Kicheko kikaisha, maswali yakaanza. Mengine hakuyaweza, akasema wazi, "Hiyo sijui."

Nyumbani alichukua penseli. Chini ya picha ya zamani akaandika: "Nyayo hazina mstari. Mkia ulikuwa juu. Semu, 1976." Sehemu ya chini ya ukurasa akaiacha tupu.

"Mbona umeacha nafasi?" Rusi akauliza.

"Ya yule atanisahihisha mimi."