Samaki Wakija

Jumapili ile foleni ya kuingia bwawani ilifika hadi kwenye duka la maji ya chupa, na Fundi alikuwa keshajuta kuvaa gauni jipya. Alilishona mwenyewe, rangi ya samli, mikono mifupi, kiunoni limemkamata sawasawa. Mbele yake watoto wanasukumana, nyuma yake shangazi yake analaumu jua kana kwamba limemtukana, na katikati binti yake wa miaka sita, waliyemwita Chiriku kwa sababu ambazo mtu yeyote aliyekaa naye dakika mbili angezijua, hajafunga mdomo tangu watoke nyumbani.

"Mama, samaki wana meno? Mama, wakila kidole kinaota kingine?"

"Muulize mwenye samaki."

Mwenye samaki alisimama ndani ya maji hadi magotini, suruali kaikunja, shati la buluu limepauka kwa chumvi. Wenyeji walimwita Bwana Samaki, ingawa samaki hawakuwa wake. Bwawa lilijengwa ukingoni mwa bahari na ukuta ukaachiwa pengo. Maji yakijaa, samaki wa baharini wanaingia wenyewe, wanakula mikononi mwa watu, na maji yakianza kupwa wanajiondokea. Hakuna wavu, hakuna mlango. Kazi yake ilikuwa kugawa vipande vya ngisi na kuwazuia wageni wasikanyagane kwa furaha.

"Kiganja wazi, vidole pamoja, na usimkimbize," akamwelekeza Chiriku. Halafu akamwangalia mama mtu. "Na wewe dada, vua pete kwanza. Kinachong'aa wanadhani chakula."

"Sina pete."

"Hata moja?"

"Kaka, unawaulizia samaki au unajiulizia mwenyewe?"

Bwana Samaki akacheka mpaka kipande cha ngisi kikamponyoka. Mkizi mmoja mnene akakirukia, akaanguka kwa kishindo, na gauni la rangi ya samli likaloa kuanzia kifuani hadi magotini. Chiriku akapiga makofi.

"Haya, umeniharibia gauni!"

"Nitalifua."

"Wewe?"

"Nitalifua, nitalipiga pasi, nitalirudisha kwa mikono miwili. Nipe tu namba ya simu, nijue pa kulipeleka."

Shangazi akakohoa kile kikohozi chake cha nimeona. Namba ilitolewa. Gauni halikutolewa, maana watu wana adabu zao.

Basi simu zikaanza. Umekula? Nimekula. Umekula nini? Wali. Na mimi hujaniwekea? Maneno ya wapenzi ukiyasikia pembeni hayana kichwa wala miguu, lakini wewe unayeambiwa hutaki chaji iishe. Bwana Samaki alileta suruali ipunguzwe kwenye duka la kushonea la Fundi, akaileta tena irefushwe, mpaka shangazi akamwambia, "Mwanangu, miguu yako inakua na kusinyaa kama ya mzuka. Sema tu kilichokuleta." Fundi naye Jumapili moja alishona sare za shule, Jumapili inayofuata akapumzika, na kila Jumapili ya mapumziko alimpeleka Chiriku bwawani. Saa nne asubuhi wanafika, samaki wamejaa tele. Wiki mbili zikipita wanarudi saa nne, samaki tele. Miezi mitatu ikaenda hivyo.

Alimpenda Bwana Samaki. Tuseme wazi, alimpenda hata akawa anashona huku anatabasamu peke yake na kujichoma sindano. Ila alikuwa na donda lake. Miaka saba nyuma, baba yake Chiriku aliahidi kuja na wazee wake siku ya Jumamosi. Ndugu wakakusanyika, viti vikaazimwa kwa jirani, Fundi akavaa akakaa. Akakaa mpaka viti vikarudishwa. Yule mtu hajaonekana hadi leo. Tangu siku hiyo Fundi alimwambia shangazi neno moja: kukataliwa naweza, kusubirishwa siwezi tena. Na kaka yake, aliyehamia mji mwingine, alikuwa akimpigia kila mwezi: njoo huku, chumba cha kushonea ninacho, unangoja nini? Fundi akawa anajibu, nitafikiria.

Jioni moja Bwana Samaki akapiga.

"Mpenzi, mama yangu anakuja Jumapili. Nataka akuone. Njoo na shangazi na mwanangu."

"Mwanao nani?"

"Chiriku. Kwani vipi, sijapewa?"

"Utapewa ukiomba vizuri. Tuje saa ngapi?"

"Njooni samaki wakija. Akuone pale pale tulipokutana."

Fundi akacheka, akakata simu. Samaki wanakuja saa nne, nani asiyejua?

Jumapili hiyo haikuwa ya mapumziko, sare ishirini zilikuwa zinamngoja, lakini aliziacha. Shangazi akatoa kitenge chake cha sanduku. Chiriku akafungwa riboni mbili. Saa nne kamili wakafika bwawani, na geti limefungwa kwa kufuli.

Wakachungulia. Hakuna maji. Lile bwawa lililokuwa likichemka samaki sasa ni tope tupu, na kaa wachache wanatembea kama wamelikodi. Fundi akapiga simu. Simu ikaita, tena ikaita karibu: ndani ya kibanda cha vifaa, hatua kumi nyuma ya geti. Wote watatu wakaisikia. Akakata, nayo ikanyamaza. Akapiga tena, ikaita tena kibandani, na hakuna aliyetoka.

"Yumo ndani," Fundi akasema taratibu. "Anatusikia."

"Huenda ame…" shangazi akaanza.

"Shangazi, yumo ndani."

"Mama, kwa nini Bwana Samaki anajificha? Tunacheza?"

Walisimama pale nusu saa, kisha Fundi akamshika mtoto mkono. Njiani akaifungia ile namba isiweze kumpigia tena. Alipofika nyumbani akavua gauni, akampigia kaka yake, akasema, "Nimefikiria. Nakuja." Kaka akafurahi, akasema atatuma lori Jumatatu ya wiki inayofuata libebe vyerehani. Usiku Fundi alilia kimya kimya ili Chiriku asiamke.

Kesho yake, Jumatatu, Bwana Samaki alikuja dukani. Fundi alimwona kwa mbali, akaingia chumba cha nyuma. Shangazi akatumwa kusema hayupo, naye akasema hayupo huku cherehani kinalia nyuma ya pazia. Bwana Samaki akakisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Alikuwa mtu wa namna hiyo: asiyemtaka hamfuati.

"Hasira za mkizi, furaha kwa mvuvi," shangazi akamwambia Fundi. "Umeruka mwenyewe ukaingia kwenye lori la kaka yako."

"Niache, shangazi."

Jumatano alasiri mama mmoja mfupi, mnene, kavaa gauni la zambarau na viatu vya kutokea, aliingia dukani akavuta stuli akaketi bila kukaribishwa.

"Shikamoo, mama," Fundi akasema. "Karibu. Ni ya kushona au ya kurekebisha?"

"Marahaba. Si ya kushona. Nimekuja kumtazama mtu aliyenikalisha kwenye kiti cha plastiki tangu saa tisa mchana mpaka jua likazama, na viatu hivi vinabana."

Fundi akaacha mkasi. "Mimi?"

"Wewe. Nimetoka safari ya saa tano kwenye basi. Mwanangu kanivalisha kama bibi harusi. Wageni wamekuja, wamelisha samaki, wameondoka, samaki wenyewe wameondoka, mimi nipo kitini. Kila mwanamke akitokea getini namuuliza, ni huyu? Si huyu. Mwanangu, kama humtaki mtoto wa mtu, unasema."

"Mama, mimi nilikuja!" Sauti ya Fundi ikapanda. "Nilikuja na shangazi, na mtoto wangu kafungwa riboni! Saa nne kamili! Nikakuta kufuli, na simu yake inaita ndani ya kibanda, na yeye hatoki!"

"Saa nne ya asubuhi?"

"Ndiyo."

"Saa nne kulikuwa na tope."

"Nililiona hilo tope."

Mama yule akaweka mkono kichwani. "Mungu wangu. Hakukwambia saa."

"Aliniambia samaki wakija. Wanakuja saa nne. Kila nikienda ni saa nne."

"Wewe unakwenda kila wiki?"

"Kila wiki mbili."

"Ndiyo maana. Maji hayana saa moja, mwanangu. Leo yakijaa saa nne, kesho yanachelewa, keshokutwa yanachelewa tena. Wiki ikiisha, saa nne ni tope na samaki wanakuja saa kumi. Wiki mbili zikiisha yanarudi pale pale yalipokuwa, ndiyo wewe ukayakuta. Na huyo mjinga wangu kakulia majini, anadhani kila mtu anajua."

"Na simu?"

"Aliisahau kibandani Jumamosi. Saa nne alikuwa stendi, ananipokea mimi na kikapu changu."

Fundi akakaa chini, juu ya rundo la sare. Siku tatu alikuwa amebeba jiwe kifuani, na sasa jiwe limetoka likamwachia aibu. Shangazi nyuma ya pazia akasema kwa sauti kubwa, "Alhamdulillahi!" bila kujali kwamba alipaswa kuwa amelala.

Siku hiyo samaki walikuja saa kumi na mbili jioni. Bwana Samaki alikuwa akimshikia bibi mmoja kiganja majini alipomwona Fundi ukingoni, na mama yake nyuma anavua viatu.

"Karibu," akasema.

"Nilikuja saa nne asubuhi," Fundi akamwambia. "Nikasikia simu yako inaita kibandani, nikajua umejificha."

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa, akajipiga paji la uso kwa mkono wenye ngisi. "Nikufiche uso mimi? Nilikungoja mpaka giza. Nikaona ulinipigia, nikakupigia wee, simu haipiti. Nikaja dukani nikasikia cherehani, nikasema basi, kanikataa."

"Nisamehe kwa hilo."

"Na wewe nisamehe. Sikujua kama ulisimama getini."

"Nakupenda," Fundi akasema, na bibi wa watu akageukia upande mwingine kwa heshima. "Lakini nilisimama kwenye geti lililofungwa, na nilishasimamishwa zamani. Lori la kaka linakuja Jumatatu. Siwezi tena kungoja maji. Kama unanitaka, niambie saa. Kwa mdomo wako."

Bwana Samaki akatoka majini, suruali inachuruzika. "Jumapili. Saa nne kamili asubuhi, kwenu. Mimi, mama na mjomba wangu. Nakuja kukuomba kwa shangazi yako."

"Jumapili saa nne samaki wanakuja. Sasa nimejifunza."

"Waje. Mwenzangu wa zamu atawalisha, na asipowalisha wana bahari nzima."

Jumapili hiyo shangazi alifagia mara tatu. Fundi hakuazima viti kwa jirani, alikataa katakata. Alikaa kitandani na gauni la rangi ya samli, anatazama saa ya ukutani. Saa nne kasoro dakika kumi simu ikaita, akaikamata upesi. Kaka.

"Dereva wa lori anauliza kesho aje saa ngapi?"

"Nipigie saa nne na dakika tano."

"Kwa nini na dakika tano?"

"Kaka, nipigie tu."

Saa nne kasoro mbili. Saa nne kasoro moja. Chiriku alikuwa dirishani, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikuwa kimya. Kisha akapiga ukelele: "Mama! Kavaa tai! Mama, wapo watatu! Bibi ameshika viatu mkononi!"

Mlango ukagongwa. Fundi akainuka, akakaa tena. Machozi yakamtoka na hakuyafuta. Akasikia hodi, akasikia shangazi akiitikia kwa sauti yake ya wageni wakubwa, akasikia mtu akisema, "Tumechelewa? Mwanangu katuamsha alfajiri."

Simu ikaita.

"Haya, saa nne na dakika tano," kaka akasema. "Nimwambie dereva nini?"

"Mwambie asije, kaka," Fundi akasema. "Nina wageni."